Mninga wa Samani: Majibu kwa Wanunuzi na Mafundi wa Handeni na Korogwe

Ukiagiza kitanda Manundu, mlango Mkata au meza ya chakula Handeni mjini, mazungumzo hayaendi mbali kabla mninga haujatajwa. Fundi atakuapia kwamba ni mbao ya kukaa hadi wajukuu waikute. Jirani naye atakuambia alinunua kabati la mninga, na masika ya kwanza tu milango ikagoma kufunga. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mti ni ule ule. Kinachotofautiana ni jinsi mbao zilivyokaushwa, zilivyoungwa na mahali zilipotumika.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: thamani ya mninga haitokani na ugumu. Zipo mbao ngumu kuuzidi, na nyingine ni za bei nafuu. Thamani yake ni kutulia. Ubao wa mninga uliokauka sawasawa haunywei wala kuvimba sana majira yanapobadilika, haupindi ovyo, na kiini chake hakiliwi kirahisi na mchwa. Anayelipia mninga analipia utulivu huo, na akilijua hilo atajua pia pa kuutumia na pa kuuacha.

Mninga ni mti gani, na katika wilaya zetu unaota wapi?

Kitaalamu unaitwa Pterocarpus angolensis. Ni mti wa jamii ya kunde, wa pori kavu la miombo, unaopukutisha majani kiangazi. Kwa kawaida hufika mita 15 hadi 20 kwenda juu. Gome lake ni jeusi na limepasukapasuka, na ukilichanja hutoka utomvu mwekundu kama damu. Tunda lake halifanani na la mti mwingine wa porini: ni duara bapa lenye ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati limejaa miiba laini. Matunda hayo hubaki yakining'inia hata majani yakiisha, kwa hiyo kiangazi mninga hutambulika kwa mbali.

Katika Mkoa wa Tanga makao yake ni mapori makavu ya upande wa Handeni na Kilindi. Korogwe ina sura mbili. Bonde la Mto Pangani na nyika zake ni kukavu, lakini miteremko ya Usambara ina misitu yenye unyevu ambako mninga hauko kwao. Huko utasikia zaidi habari za mvule na mkangazi. Ndiyo maana mninga unaouzwa Korogwe mara nyingi umetoka ng'ambo, ama Handeni na Kilindi, ama mikoa ya mbali zaidi yenye miombo kama Tabora na Katavi.

Kwa nini mafundi wanausifu kwa samani?

Kwanza ni huo utulivu. Mti ukikatwa, maji ya kwanza kutoka ni yaliyomo ndani ya mirija, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta za mirija zenyewe huanza kutoa maji, na hapo ndipo ubao unaponywea. Mbao kama mkaratusi hunywea sana na kwa namna isiyo sawa, upana ukizidi unene, ndipo unapoona ubao umekunjamana au umepasuka kichwani. Mninga hunywea kidogo kuliko karibu mbao zote zinazouzwa nchini, na unywevu wake wa upana na wa unene haupishani sana. Katika sifa hii unasimama bega kwa bega na msaji, ambao wengi tunauita tiki.

Pili, uzito wake ni wa kati. Mbao kavu ya mninga ina wastani wa kilo 600 na kidogo kwa mita moja ya ujazo. Nyepesi hushuka karibu na 500, nzito hufika 700. Mkongo hukaribia 800, na mpingo hupita 1,200 hadi unazama majini. Uzito wa mninga unatosha kwa kitanda na meza imara, lakini kabati bado litahamishika bila kuita mtaa mzima.

Tatu, unafanyika kazi vizuri. Unakubali msumeno, randa na patasi, unashika gundi na skrubu, na unang'aa ukipigwa msasa na vanishi. Kasoro iko kwenye mbao ambazo nyuzi zake zimepishana au zina mawimbi: randa butu huzinyofoa badala ya kuzilainisha. Dawa yake ni kunoa mara kwa mara na kuchukua unyoya mwembamba. Misumari nayo ni vizuri ianziwe kwa kekee, hasa karibu na kichwa cha ubao, maana mninga mkavu hupasuka ukilazimishwa.

Nitautambuaje mninga halisi?

Usiutambue kwa rangi peke yake. Rangi ya mninga inaweza kuwa kahawia ya dhahabu, kahawia nyekundu au hata ya chokoleti, yenye michirizi myeusi zaidi. Rangi hizo zote zinaweza kuigwa kwa rangi ya mbao ya dukani. Mbao ya mkenge, kwa mfano, inaufanania mninga, na ikishapakwa vanishi mtu asiyezoea hawezi kuzitenganisha. Angalia mambo haya kwa pamoja:

- Ukingo wa ubao. Kiini cha mninga ni cheusi zaidi, na sehemu ya nje ya mti ni nyeupe inayoelekea manjano. Mpaka kati ya hizo mbili huonekana wazi, kama umechorwa. Ubao wenye rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo si lazima uwe bandia, ila muulize fundi ukingo mweupe ulikatwa lini.
- Kichwa cha ubao. Rangi ya kupaka haizami sana. Mwombe fundi akate kipande cha sentimita mbili kutoka kichwani, uone kama rangi ya ndani ni ile ya nje.
- Vinyweleo. Ukiutazama ubao uliopigwa randa kwa karibu utaona mikwaruzo midogomidogo ya giza inayofuata urefu wa mbao. Hiyo ni mirija ya mti iliyokatwa kwa urefu. Mninga unayo mikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.
- Uzito. Ubao wa moja kwa nane wenye futi 12, kama kweli una unene wa inchi nzima, una ujazo wa karibu mita 0.019. Ukiwa mninga mkavu unapaswa kuwa na kilo 10 hadi 13 hivi. Ukifika 15 na kuendelea, ama ni mbichi ama ni mti mwingine, kwa mfano mkongo.

Njia bora kuliko zote ni kuiona mbao kabla haijapakwa chochote. Fundi mwaminifu hakatai mteja kuja karakana siku ya kuunga, kabla ya siku ya vanishi.

Kama mninga unatulia hivyo, mbona kabati la jirani lilipinda?

Sababu ya kawaida ni ubichi. Utulivu wa mninga huanza baada ya mbao kukauka. Mbao mbichi ya mti wowote itanywea, na ikiwa imeshaungwa itavuta viungo. Mbao nyingi zinazofika mitaani zimepasuliwa porini kwa chenso na kupakiwa zikiwa na maji yake. Fundi mwenye oda tano na mteja anayepiga simu kila asubuhi haoni nafasi ya kusubiri.

Sababu ya pili ni ujengaji. Paneli ya mlango wa kabati haitakiwi kugandishwa kwa gundi ndani ya fremu. Inatakiwa ikae kwenye mfereji ikiwa na nafasi ya milimita chache kila upande, ipumue. Ikigandishwa pande zote, siku itakapovimba itasukuma fremu, na siku itakaponywea itapasuka katikati. Ni hivyo hivyo kwa meza: uso wa meza ufungwe kwa vibanio au skrubu zenye tundu refu, ili mbao isogee bila kupasuka.

Sababu ya tatu ni safari. Samani iliyotengenezwa Korogwe wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, ikapelekwa Dodoma au Arusha miezi ya kiangazi, itapoteza maji zaidi hata kama ilikuwa imekauka kwa hali ya hewa ya Korogwe. Kama samani yako inasafiri, mwambie fundi inaenda wapi kabla hajakata mbao.

Mbao zikaushwe vipi, na nitajuaje kuwa zimekauka?

Ukaushaji mzuri hauhitaji mtambo. Unahitaji kivuli, upepo na subira. Mbao hupangwa juu ya matofali au magogo, angalau futi moja na nusu kutoka chini, mahali penye paa lakini pasipo na kuta za kuzuia hewa. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya unene mmoja, inchi moja au robo tatu, kila baada ya futi mbili. Vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vijiti vya safu ya chini. Vikipishana, uzito utazipinda mbao zilizo katikati. Vichwa vya mbao hupakwa rangi au nta ili visikauke haraka na kupasuka, na juu ya rundo huwekwa uzito, mawe au mbao mbovu, ili safu za juu zisijikunje.

Mninga hukauka polepole lakini bila matatizo mengi. Mbao za inchi moja huhitaji kwa kawaida miezi mitatu hadi minne; za inchi mbili, nusu mwaka au zaidi. Kuzianika juani ili kuharakisha ni kujitafutia nyufa: uso hukauka na kukaza huku ndani bado kuna maji.

Fundi mwenye kipimo cha unyevu atafute asilimia 12 hadi 15 kabla ya kuanza kazi. Asiye nacho atumie mizani. Akate kipande cha urefu wa futi moja kutoka katikati ya ubao, si kichwani, akipime, aandike uzito, akirudishe kwenye rundo, na kila wiki akipime tena. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mbao zimefikia unyevu wa hewa ya mahali hapo.

Je, kitanda kizima kiwe cha mninga?

Hapana, na hapa ndipo wateja wengi wanapopoteza pesa. Mninga uwekwe panapoonekana, panapobeba mzigo na panapohitaji mbao isiyocheza.

Chukua kitanda cha tano kwa sita. Matendegu, mifumbati na ubao wa kichwani ndivyo vinavyobeba uzito, na viungo vyao vikilegea kitanda kinaanza kulia usiku. Hapo mninga unalipa. Chaga ni habari nyingine. Chaga 12 za upana wa inchi 4 na urefu wa futi 5 zinakula futi 60 za moja kwa nne, yaani karibu mbao mbili na nusu za moja kwa nane zenye futi 12. Hizo zote zitafunikwa na godoro. Msonobari au mgrivea mkavu unatosha kabisa, na chaga ikivunjika inabadilishwa peke yake.

Kabati likiwa na fremu, milango na nyuso za droo za mninga, mgongo wake unaweza kuwa plaiwudi. Meza ya chakula inastahili mninga juu, maana uso mpana ndio unaopinda kwanza. Sofa iliyofunikwa sponji na kitambaa pande zote haihitaji mninga ndani. Mikono na miguu inayoonekana inatosha. Na fremu ya mlango wa nje, inayogusana na ukuta na ardhi yenye mchwa, ni mahali ambapo hata mwenye bajeti ndogo asibane.

Ni kweli mninga hauliwi na mchwa?

Kiini chake kina ukinzani mzuri dhidi ya mchwa na bungua, na ndani ya nyumba hakihitaji dawa. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo. Bungua huitoboa, na dalili yake ni unga mwembamba unaodondoka chini ya samani kila asubuhi. Unga ukionekana kwenye kabati jipya la mninga, angalia kama fundi aliacha ukingo mweupe ndani ya miguu au nyuma ya fremu ili mbao itoshe. Mwambie tangu mwanzo kwamba weupe utolewe, au kama ni lazima ubaki, upakwe dawa ya mbao. Oili chafu ya gari si dawa ya samani. Harufu yake haiishi, inachafua nguo, na vanishi haishiki juu yake.

Vanishi gani, na samani itunzwe vipi?

Kwa kuwa vinyweleo vya mninga ni vikubwa, vanishi ikipakwa moja kwa moja hutumbukia na kuacha uso wenye vishimo. Mafundi huanza kwa msasa mkali, wakashuka hadi laini, wakajaza vinyweleo kwa sanding sila au puti ya mbao, wakapiga msasa tena, ndipo vanishi ikaja kwa tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi chini. Anayependa mbao iliyo wazi anaweza kutumia mafuta ya kitani au nta, akirudia kila mara mbao inapoonekana kufifia.

Sehemu isiyoonekana nayo ipakwe. Uso wa meza uliopakwa vanishi juu tu, chini ukaachwa wazi, hupokea unyevu upande mmoja na kujikunja hata kama ni mninga safi. Baada ya hapo matunzo ni mepesi: kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usiache samani ikisimama kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, maana maji hupanda kwa kichwa cha mguu wa kitanda haraka kuliko yanavyoingia ubavuni.

Vumbi la mninga lina madhara?

Lina madhara kwa baadhi ya watu. Linaweza kuwasha pua, macho na ngozi, na kwa wengine kuleta kifua kubana kama pumu. Anayepata madhara si mteja bali fundi na vijana wake, hasa siku ya mashine ya msasa ndani ya banda lililofungwa. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Tumia barakoa ya vumbi inayobana pembeni, fanya kazi ya msasa nje au upepo unapopita, na mwagia sakafu maji kabla ya kufagia. Kijana anayekohoa kila siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko apelekwe hospitali, na amwambie daktari kazi anayofanya.

Nikishindwa bei, nichague mbao gani?

Msaji ndio ulio karibu zaidi kwa utulivu. Bahati nzuri uko jirani: shamba la Longuza wilayani Muheza ni miongoni mwa mashamba ya msaji ya serikali, na mti huo, tofauti na mninga, hupandwa na kuvunwa ndani ya miongo michache. Mvule ni mzuri kwa milango na meza, ila ndani yake huwa na chembe ngumu kama mawe zinazomaliza meno ya msumeno. Mkongo ni mzito na imara, unafaa fremu na milango ya nje. Mgrivea wa mashambani Usambara ni mwepesi na una maua mazuri kwenye mbao, unafaa makabati na samani za ndani. Msonobari na mkaratusi zinafaa sehemu zilizofichika, kwa sharti la kukauka. Ubao mkavu wa mgrivea utakupa kabati bora kuliko ubao mbichi wa mninga, na hilo si la kubishana.

Ninahitaji hati gani nikinunua?

Miti ya asili nchini inasimamiwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 pamoja na kanuni zake, na msimamizi mkuu kwa upande wa serikali ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Maombi ya kuvuna hupitia Kamati ya Uvunaji ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Mvunaji halali anakuwa amesajiliwa, ana leseni ya uvunaji, na mbao zinaposafiri zinaambatana na hati ya kusafirishia, ambayo barabarani wote wanaiita TP.

Kwako mnunuzi maana yake ni hivi. Ukinunua mbao, omba risiti ya EFD inayotaja aina ya mti, idadi na vipimo, na uone nakala ya TP iliyozileta. Ukizisafirisha kwenda wilaya nyingine, chukua TP yako katika ofisi ya TFS kabla ya kupakia, na safiri mchana. Njia ya Segera hadi Chalinze, na ile ya Korogwe kwenda Same, zina ukaguzi, na mbao zisizo na karatasi hutaifishwa bila kujali ulilipa kiasi gani. Kwa samani zilizokamilika, kaa na risiti ya karakana, na kama ni nyingi ulizia ofisi ya TFS kwanza.

Mninga umeota wenyewe shambani kwangu. Naweza kuukata?

Usiukate kabla ya kibali. Mninga ni mti wa asili wenye ulinzi wa kisheria, na kuwa na shamba hakukupi ruhusa ya kuuangusha moja kwa moja. Anza kwa serikali ya kijiji, uende kwa Afisa Misitu wa wilaya, upewe utaratibu. Kumwita mtu wa chenso usiku ndiyo njia ya haraka ya kupoteza mti, pesa na pengine uhuru wako.

Vijiji navyo vina nafasi. Sheria ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuandaa mpango wa usimamizi, kuvuna kwa mujibu wa mpango huo na kubaki na mapato. Handeni na Kilindi ni miongoni mwa wilaya zilizoguswa na programu ya FORVAC, ya Tanzania na Finland, iliyoanza mwaka 2018 kusaidia vijiji kupata faida halali kutoka kwenye misitu yao. Mbao iliyotoka katika msitu wa kijiji wenye mpango ina historia inayofuatika, kuanzia kisiki hadi karakana.

Je, naweza kupeleka mbao za mninga nje ya nchi?

Magogo ya miti ya asili hayaruhusiwi kusafirishwa nje. Kwa mbao zilizopasuliwa kuna sharti jipya kiasi. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe pori vilivyo hatarini, ulifanyika Panama na kuiingiza miti yote ya Afrika ya jamii ya mninga katika Kiambatisho cha Pili. Sharti hilo lilianza kutumika Februari 2023. Mkongo na mkangazi iliingizwa pamoja nayo. Mpingo ulikuwamo tangu 2017. Biashara haikufungwa, ila mbao haivuki mpaka bila kibali cha CITES kinachoonesha kwamba ilivunwa kihalali na kwa kiasi ambacho mti unaweza kuhimili. Biashara ya ndani ya nchi haiguswi na mkataba huo.

Kwa nini mninga unazidi kuadimika?

Kwa sababu unakua polepole kuliko tunavyoukata. Mninga huhitaji kati ya miaka 80 na 100 hivi kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri. Utoto wake ndio mgumu zaidi: mche ukiota, shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, huku mzizi ukinenepa chini. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi kabla shina halijapata nguvu ya kuvuka kiangazi. Moto wa kila mwaka huongeza muda huo.

Soko nalo halikusubiri. Utafiti wa misitu ya kuzunguka Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba, kati ya 1991 na 2005, ukataji ulisogea mbali na jiji kwa kasi ya karibu kilomita 9 kwa mwaka. Walianza wakataji wa mbao za thamani, wakafuata wa mbao hafifu, wakamalizia wa mkaa. Handeni iko kando ya barabara kuu ya kwenda jiji hilo hilo.

Kupanda inawezekana, ila si biashara ya kusomesha watoto wako. Tunda hupasuliwa kwa uangalifu, mbegu huchanwa kidogo upande mmoja ili maji yaingie, kisha hupandwa kwenye viriba virefu kwa ajili ya mzizi. Kinacholipa haraka zaidi ni kuilinda miche iliyojiotea porini dhidi ya moto na jembe. Anayetaka mbao katika maisha yake apande msaji au mgrivea.

Nikubaliane nini na fundi kabla ya kulipa?

Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na wote mtie saini. Taja aina ya mbao kwa kila sehemu: matendegu na mifumbati mninga, chaga msonobari, mgongo plaiwudi. Taja unene baada ya randa, maana ubao wa inchi moja uliotoka kwenye chenso ukishalainishwa hubaki robo tatu, na hilo ni jambo la kawaida likijulikana mapema. Taja kwamba ukingo mweupe utatolewa, kwamba utakuja kuona kazi kabla ya vanishi, na kwamba viungo vikiachia ndani ya muda mliokubaliana fundi atarekebisha bila malipo.

Malipo yagawanywe mara tatu: ya mbao mwanzoni, ya kazi baada ya kuiona imeungwa na bado haijapakwa, na salio siku ya kuchukua. Na kama fundi anakuambia mbao zake bado mwezi mmoja zikauke, msubiri. Anayekuahidi kitanda cha mninga Ijumaa kwa mti uliofika Jumatatu anakuuzia tatizo ambalo utalilipia tena mwakani.